Kamba Nyekundu Shambani: Siku za Kupima Njaa ya Mahindi, kutoka Penga-Penga hadi Kapolowe

Jumatatu, Kampemba, Lubumbashi

Mvua imepiga mabati usiku kucha na asubuhi mtaa wetu ni matope matupu. Silalamiki, wakati wenyewe ndio huu. Mahindi yaliyopandwa mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba yamefikisha majani sita hadi manane, na katika umri huo kila mkulima wa huku hukuna kichwa kwa jambo moja: mbolea ya yurea nitie kiasi gani, nianzie wapi, maana mfuko wenyewe ni mmoja na pengine wa mkopo.

Jibu lililozoeleka linajulikana hapa na ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, upande wa Zambia: mifuko minne ya mbolea ya NPK 10-20-10 kwa hekta wakati wa kupanda, kisha mifuko minne ya yurea baadaye. Yurea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kirutubisho kinachoyapa majani ukijani, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 unabeba kilo 23; NPK hiyo ina asilimia 10, yaani kilo 5 kwa mfuko. Ukijumlisha yote unapata kilo 112 za naitrojeni kwa hekta. Hesabu nzuri, kwa hekta iliyo sawasawa kama meza. Katanga hekta ya namna hiyo siijui. Hapa kuna kichuguu kilichosawazishwa kwa jembe, pale palikuwa tanuri la makaa, kule palisimama nyumba ya mtu na zizi la mbuzi wake, chini kabisa maji yanatuama. Mahindi ya mbegu moja, yaliyopandwa siku moja, yanatofautiana baada ya hatua ishirini.

Ndiyo sababu ya safari hii. Begani nina kihisi cha mkononi, GreenSeeker, nilichoazimwa na rafiki wa Zambia ambaye anakitaka kabla mwezi haujaisha. Aina hii ya vifaa ilianzia Chuo Kikuu cha Oklahoma State huko Marekani miaka ya 1990, kwa ajili ya ngano. Kihisi kina kitufe cha kufyatua. Ukikibana, kinamulika mimea kwa mwanga wake chenyewe wa aina mbili: mwekundu, na ule wa infraredi ambao jicho halioni. Jani lenye klorofili nyingi, ile rangi yake ya kijani, linaumeza mwekundu na kuurudisha infraredi. Kifaa kinachukua tofauti ya mianga hiyo miwili iliyorudi, kinaigawa kwa jumla yake, na kioo kinaandika namba kati ya 0.00 na 0.99. Kipimo hicho huitwa NDVI.

Kwa kuwa mwanga ni wake, mawingu hayakizuii. Nalisema hilo kwa sababu wapo wanaoniuliza kwa nini nisitumie picha za satelaiti, na kweli Sentinel-2 za Ulaya hupita juu yetu kila baada ya siku chache na picha zake ni za bure. Tatizo ni Januari. Mwezi ambao mkulima anahitaji picha ndio mwezi ambao anga ya Haut-Katanga imefunikwa.

Namba peke yake, hata hivyo, haisemi kitu. Je, 0.60 ni njaa au ni shibe? Inategemea mbegu, umri, nafasi kati ya mashina, ukame wa wiki iliyopita. Kwa hiyo mwezi Desemba tulizunguka kwanza na kamba nyekundu. Katika kila shamba tulichagua mistari michache, tukaipa naitrojeni kuzidi haja yake, tukaizungushia vijiti na kamba ili mwenye shamba asiisahau. Ukanda huo ni shahidi: mbegu ile ile, udongo ule ule, mvua ile ile, ila naitrojeni haikukosekana. Sasa tunapima nje ya kamba na ndani ya kamba, tunagawa namba ya kwanza kwa ya pili. Watafiti wa Nebraska, Marekani, waliokuwa wakipima klorofili ya majani ya mahindi, waliweka mpaka kwenye 0.95. Chini ya hapo mahindi yanaidai naitrojeni. Juu ya hapo, subiri.

Tunasafiri watatu: mimi, Papa Dereva na Toyota yake iliyoona mengi, na kijana anayesoma agronomia Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kijana ndiye mwenye daftari. Amebeba pia mizani ndogo ya jikoni aliyoichukua kwa dada yake, na vizibo vya soda vimejaa mfukoni, vinalia anapotembea.

Jumanne, Penga-Penga

Tumeanzia karibu na nyumbani, na siku ikaliwa yote na shamba moja.

Penga-Penga iko upande ambao pepo za kusini-mashariki hupeleka moshi. Kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Lubumbashi kiliwashwa mwaka 1911, na kwa miongo mingi kilichotoka kwenye bomba lile refu, ambalo kila mgeni hupigia picha, kilishuka hapa kidogokidogo. Kuna sehemu ambazo mti hauoti tena. Watu wanaishi, wanajenga, wanalima, kwa sababu kiwanja kinapatikana.

Mama mwenye shamba alitusubiri na mfuko wa yurea mlangoni, bado umeshonwa. Aliuchukua kwa deni. Mahindi yake ni mafupi na ya manjano, na majirani wote walishampa hukumu.

"Papa Agronomu, batu bote banasema ni yurea tu inakosa. Miye nangoja neno yako, nianze kutia."

Tulingoja kwanza umande ukauke, kwa sababu majani yenye maji hupotosha kipimo. Saa nne hivi nikapita na mstari, kihisi kikiwa juu ya mahindi kwa urefu wa sentimita 80 hivi, kidole kwenye kitufe mpaka mwisho wa mstari ili kitoe wastani. Nje ya kamba: 0.36. Ndani ya kamba: 0.37. Tukarudia mistari mingine na namba hazikusogea. Kijana akagawa: 0.97.

Mama aliutazama ukanda wake, ambao alikuwa ameupalilia vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote. Mahindi yaliyolishwa yurea maradufu mwezi mzima yalikuwa ya manjano sawa na ndugu zake.

Hapo ndipo kifaa kinapofikia mwisho wa elimu yake. Kimesema kwamba kijani ni haba, na kamba imesema kwamba sababu si naitrojeni. Ni nani basi? Tukapiga magoti. Mahindi yenye njaa ya naitrojeni hugeuka manjano kuanzia majani ya chini, yaliyozeeka, kwa sababu mmea unaihamisha naitrojeni ya huko na kuipeleka juu kwenye majani machanga. Umanjano huanzia kwenye ncha na kuingia kwa kufuata mshipa wa kati, ukichora kama herufi V. Kwa Mama ilikuwa kinyume. Majani ya chini yalikuwa na nafuu. Machanga ya juu ndiyo yaliyopauka, mishipa ikibaki na ukijani na katikati ya mishipa pakiwa peupe. Dalili hiyo ni ya chuma kukosekana ndani ya jani. Kijana akang'oa shina moja, tukaona mizizi mifupi, minene, imevia kwa rangi ya kahawia.

Shaba iliyozidi kwenye udongo hufanya hivyo. Inaumiza ncha za mizizi na kuuzuia mmea usichukue chuma, hata kama chuma kipo tele kwenye udongo mwekundu. Wazee wa huku hawakuhitaji maabara kuitambua ardhi ya shaba: kulikuwa na mimea yake, na mmojawapo, Haumaniastrum katangense, ulipewa jina la ua la shaba na ukawaongoza hata wanaotafuta madini. Sikuuona ukiota kwa Mama, ila pembeni ya uzio kulikuwa na kiraka kitupu ambacho hata magugu yamekikataa.

Nikamwambia asiufungue mfuko. Yurea haitaondoa shaba. Tena, inapobadilika kuwa naitreti huongeza tindikali, na tindikali ndiyo inayoifanya shaba ipatikane zaidi kwa mizizi. Kinachosaidia kwa kiasi fulani ni chokaa ya kilimo, ya kupunguza tindikali, na mboji au samadi nyingi ya kuishika shaba. Hata hivyo mahindi ya msimu huu hayataokoka kwa hayo. Tulizungumza pia kuhusu lengalenga, yaani mchicha, aliyoipanda nyuma ya nyumba, na hayo yalikuwa mazungumzo magumu kuliko ya mahindi, kwa sababu mboga za majani hubeba madini hadi kwenye sahani. Nilimshauri apeleke sampuli ya udongo kitivo cha kilimo kabla ya kuendelea kula kutoka hapo. Kijana akajitolea kuibeba.

Mama hakufurahi, na sikutarajia afurahi. Deni liko palepale. Baada ya kimya akakumbuka kwamba ana kipande kingine kwenye barabara ya Kasenga, ambako dada yake analima nusu kwa nusu. Tulipokuwa tunafunga vitu, mfuko ulikuwa tayari kichwani mwa mwanawe unaelekea kituo cha taksibasi.

Jumatano, barabara ya Likasi

Mvua tangu alfajiri. Foleni ya malori ya shaba na ya tindikali upande wa pili, ikishuka kwenda mpakani, sisi tunapanda. Tumelipa peaje, ushuru wa barabara, tumekula mihogo na karanga ndani ya gari.

Ila uyoga! Januari ndio mwezi wake, na akina mama wameupanga kando ya lami, vingine vipana kuliko sinia. Unaota kwenye vichuguu, mchwa wenyewe ndio wanaoulima chini kwa chini. Papa Dereva amesimama mara mbili, na hakuna aliyemlaumu.

Hatukupima chochote. Tumelala Kapolowe.

Alhamisi, Kapolowe

Hili ndilo shamba nililokuwa nalingoja. Nusu hekta ya mama mmoja wa ushirika, nafasi ya sentimita 75 kwa 25, palizi imefanywa isipokuwa kona moja. Katikati kuna mabaki ya kichuguu kikubwa alichokisawazisha marehemu mume wake. Vichuguu vya huku, kazi ya mchwa aitwaye Macrotermes falciger, hufikia mita kadhaa kwenda juu, na udongo wake una mfinyanzi na kalisi kuliko udongo uliochoka unaouzunguka. Wakulima wanalijua hilo tangu zamani: ukikuta mahindi ya kijani kibichi juu ya mwinuko, huulizi.

Namba za Alhamisi zilikuwa tamu. Ndani ya kamba 0.71. Juu ya kichuguu, bila kamba, 0.70. Upande wa juu wa shamba, palipokuwa na makazi ya zamani, 0.69. Kipande cha kati 0.66. Upande wa chini, wenye mchanga, 0.58, na majani ya chini yana zile V za manjano bila kificho. Ukigawa: 0.99, 0.97, 0.93, 0.82.

Kisha nikafika kwenye kona ambayo haijapaliliwa na kioo kikaandika 0.76. Mahindi ya pale yalikuwa dhaifu kuliko yote!

Mama akaangua kicheko, akawaita wenzake waje kuona. "Hii mashini yako iko nasifu majani! Basi tuache kupalilia, tupate maksi mingi."

Alisema kweli tupu. Kihisi hakijui mahindi, kinajua kijani. Magugu yaliyo chini ya mstari yanahesabiwa pamoja na mazao. Kinyume chake, mahindi yakiwa madogo sana kihisi kinaona udongo mwingi na namba inaanguka bila kosa la naitrojeni. Na yakishafunga kivuli kabisa, namba hujaa kule juu na haitofautishi tena shibe na njaa. Muda wake ni mfupi. Namba ya kona ile tukaifuta, tukawapa akina mama nafasi ya kupalilia, na ndani ya saa moja walikuwa wamemaliza. Kipimo kipya: 0.57.

Sasa mgawo. Mama ana mfuko mmoja kwa nusu hekta, wakati kanuni inadai miwili. Tulijaza kizibo cha soda bila kukirundika, tukakiweka juu ya mizani ya dada wa kijana: gramu nne, kidogo huku au kule. Kwa nafasi yake, hekta ina mashina 53,000 na ushei, kwa hiyo kizibo kimoja kwa kila shina ni kama mifuko minne na kitu kwa hekta, yaani ile kanuni ya vitabuni. Nusu hekta yake ina mashina karibu 26,700. Akiugawa mfuko wake sawa kwa wote, kila shina litapata chini ya gramu mbili, pamoja na yale ya kichuguu ambayo hayana shida nayo.

Tulipima kwa miguu. Upande wa chini pamoja na ile kona ni karibu theluthi ya shamba: kizibo kizima. Kipande cha kati ni kama robo: nusu kizibo. Kilichobaki hakipati kitu kwa sasa. Jumla ikaja kilo 49. Kijana alirudia hesabu mara mbili kwa sababu hakuamini ilivyokaa.

Wacha niseme wazi kwamba hatukuokoa hata senti ya Mama. Mfuko umekwisha vilevile. Wauzaji wa vifaa hivi hupenda kusema vinapunguza mbolea, na kwenye mashamba ya Ulaya au Marekani yanayomwagiwa kuzidi, inaweza kuwa hivyo. Huku mkulima hana cha kupunguza. Anachopata ni kuacha kuwapa walioshiba chakula cha wenye njaa.

Kazi ya kutia ilichukua mchana wote. Kijiti kinatoboa shimo la vidole vitatu, upana wa kiganja kutoka kwenye shina, yurea ndani, mguu unafukia. Mama mmoja mzee alilalamika kwamba kuinama kote huko ni kwa nini, na mvua itakuja kuizamisha yenyewe. Pengine itakuja. Isipokuja kwa siku mbili tatu na jua likawaka juu ya udongo wenye unyevu, yurea iliyoachwa wazi inageuzwa kuwa amonia na kupaa. Unasikia harufu yake ikipita puani, nayo ndiyo pesa. Na ikimwagika kwenye kikombe cha majani ya juu, inaunguza. Alinisikiliza, akaendelea kulalamika, akaendelea kufukia.

Jioni bukari, ugali wa huku, na samaki wa ziwani, na munkoyo baridi, kinywaji cha mahindi.

Ijumaa, kando ya ziwa

Ziwa Tshangalele lilizaliwa kwa bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, kazi iliyomalizika mwaka 1930, na mashamba yaliyo ukingoni yana udongo mweusi unaovutia macho. Mzee tuliyemfuata ni mvuvi aliyegeuka mkulima. Shamba lake la Desemba lilikuwa zuri kuliko yote niliyoyaona.

Leo maji yametuama kati ya mistari. Tulitembea tukizama hadi kifundo cha mguu. Ndani ya kamba 0.52. Nje ya kamba 0.50. Kijana akagawa akiwa amesimama ndani ya maji: 0.96. Akanitazama.

"Ni Penga-Penga tena," akasema. "Si naitrojeni. Tuwaambie wasitie."

Namba zinakaribiana kweli, na mtu mwenye haraka angefunga begi hapo. Nilimwomba aniambie ni majani gani ya manjano. Akainama. Ya chini. Ncha kuelekea ndani, V safi, ndani ya kamba na nje ya kamba. Majani ya juu yalikuwa mazima. Mizizi ilikuwa na harufu ya tope lakini haikuvia kama ile ya Jumanne.

Nikamwuliza mzee mvua ilikuwaje.

"Bwana, tangu Noeli maji haiyatoka. Hata ile ya kamba yako, yote ilikunywa."

Ndilo jibu. Udongo ukijaa maji, hewa inatoka, na vijidudu vya udongoni vinavyohitaji oksijeni huanza kuichukua kutoka kwenye naitreti. Naitrojeni inaondoka ikiwa gesi. Nyingine inasombwa chini, mizizi isikofika. Naitrojeni ya ziada tuliyoweka ndani ya kamba iliondoka kwa mlango uleule. Shahidi wetu amekufa njaa pamoja na mshtakiwa, na uwiano wao unaonekana mzuri kwa sababu wote wawili wamekonda sawasawa.

Basi 0.97 ya Penga-Penga na 0.96 ya hapa ziwani ni majibu mawili yaliyo kinyume. Kule yurea ni hasara. Huku inahitajika, ila baada ya maji kupungua. Kijana aliandika hilo kwa herufi kubwa, na nadhani somo hilo linamfaa kuliko kihisi chenyewe. Mashine inayogawa mbolea yenyewe ikitembea, kama zile za matrekta makubwa ambazo husoma na kunyunyiza kwa mpigo mmoja, ingetoa amri moja kwa mashamba yote mawili.

Tulichofanya: mzee na wajukuu wake walichimba mfereji kutoka kona ya chini hadi kwenye mtaro wa barabara, nasi tukashika majembe pia. Palipokauka kidogo, kwenye mistari ya juu, tulitia yurea mpya kwenye mistari michache na kuihamishia kamba nyekundu. Kama njaa ni ya naitrojeni, mistari hiyo itabadilika rangi ndani ya wiki, na jicho la mzee litatosha kuliona. Ikibaki ilivyo, mizizi imeshaharibika na atunze pesa yake kwa ajili ya maharage ya mwisho wa mvua.

Mzee aliuliza bei ya kihisi. Nikamwambia dola mia kadhaa. Akauliza kamba inauzwa wapi.

Jumamosi, Likasi kisha nyumbani

Tumepitia Likasi kuuliza chokaa kwa ajili ya Mama wa Penga-Penga na majirani zake. Mawe ya chokaa ya Kakontwe yako hapo hapo mjini, lakini chokaa inayotoka huko zaidi inaelekea kwenye viwanda vya madini. Muuzaji mmoja wa vifaa vya ujenzi alitupa bei ya chokaa ya kupaka kuta, na hiyo siyo. Chokaa iliyochomwa ni kali na ghali. Wanachohitaji ni mawe yaliyosagwa tu. Tumepewa jina la mtaa ambako husagwa, na tumeahidiwa bei Jumatatu.

Njiani tulibishana, mimi na Papa Dereva, ambaye sasa anazijua namba za mashamba yote kwa kichwa. Yeye anataka ushirika wa Kapolowe uchange ununue kihisi chao. Mimi nakataa. Pesa ile inanunua mifuko kadhaa ya yurea, na kihisi kitafanya kazi wiki tatu kwa mwaka, mengine kitalala kwenye sanduku. Kimoja kikikaa chuo kikuu na kuzunguka kwa mkopo, kinatosha vijiji vingi. Ukanda ndio usiokopeka: ni lazima uwe ndani ya shamba lenyewe, uwekwe mapema, na uwe na kamba. Mwenye ukanda anaweza hata kutumia macho yake, au kile kikadi cha rangi za majani kilichotengenezwa kwa ajili ya mpunga Asia, ambacho hakihitaji betri. Hataona tofauti ya 0.93, nakubali. Ataona ya 0.82.

"Na ile ya maji?" akauliza Papa Dereva. "Ile hata kihisi haikuona."

Haikuona, ndiyo. Aliyeona ni kijana, akiwa na magoti kwenye tope, baada ya kuulizwa.

Kihisi kinavuka Kasumbalesa wiki ijayo na basi la asubuhi. Kijana anarudi Kapolowe Ijumaa kwa gari la samaki, na daftari tu, akatazame mistari ya mzee. Amekwisha mwandikia mwalimu wake kuomba mada ya mémoire, tasnifu yake ya chuo, ibadilishwe, na usiku huu amenitumia ujumbe akiuliza kama Mama wa Penga-Penga atamruhusu akachimbe tena mizizi.